Kadi 48 na Kurasa 61: Uchambuzi wa Skripti Iliyokwama Kati ya Njia Mbili za Kujiandaa

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu skripti moja ya filamu ndefu, waandishi wawili walioiandika kwa pamoja, na wiki ya sita ya mkataba wa wiki 16, wiki ambayo kazi ilisimama kabisa. Nilikabidhiwa kazi hiyo nikiwa mhariri wa skripti, baada ya mtayarishaji kupokea siku moja vitu viwili visivyolingana. Mwandishi mmoja alimletea bunda la kadi 48 zilizopangwa kwa namba, kila kadi ikibeba onyesho moja. Mwenzake alimletea kurasa 61 za rasimu iliyokwisha kuandikwa kwa mazungumzo na maelezo kamili, isiyofuata kadi hizo hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayeichelewesha kazi. Wote wawili wamenipa ruhusa ya kueleza yaliyotokea, nami nimeyaacha majina yao. Nitawaita mwenye kadi na mwenye daftari, kwa kuwa huyu wa pili huandika rasimu zake za kwanza kwa mkono, katika madaftari makubwa, kabla ya kuzichapa.

Hadithi yenyewe ilikuwa imekubaliwa tangu mwanzo, angalau kwa maneno. Mkalimani wa mahakama, mwanamke wa makamo anayesifika kwa uaminifu kazini, anatafsiri ushahidi wa bibi mmoja katika kesi ya kijana aliyeshtakiwa kuchoma ghala. Bibi anasema kwa lugha yake kwamba alimwona kijana akiingia ghalani usiku ule. Mkalimani anaiambia mahakama kwamba shahidi alimwona kijana akipita. Neno moja limebadilishwa, kijana anaachiwa huru, mwendesha mashtaka anaanza kutilia shaka, na filamu nzima inafuata gharama ya neno hilo. Niliipenda hadithi hii mara niliposimuliwa, kwa sababu kosa linatendeka hadharani, ndani ya chumba kilichojaa watu wanaosikiliza kwa makini, na hakuna anayelisikia.

Nianze na kadi, kwa kuwa ndizo zilizomvutia mtayarishaji. Mwenye kadi ni mwandishi asiyeandika hata mstari mmoja wa mazungumzo kabla hajalijua onyesho la mwisho. Aliigawa hadithi katika sehemu tatu, kwa mpangilio ambao Syd Field, mwalimu wa uandishi wa skripti, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 na ambao umefundishwa sana tangu hapo, mgeuko wa kwanza mkubwa ukiwa karibu na ukurasa wa 25 na wa pili karibu na ukurasa wa 85. Kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti uliochapwa kwa utaratibu wa kawaida, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, huhesabiwa kuwa takriban dakika moja kwenye skrini, kila kadi ilikuwa na makadirio ya kurasa kwenye pembe yake, na jumla yake ilikuwa 108. Kadi za buluu zilikuwa za mkalimani, za njano za kijana, nyekundu za mwendesha mashtaka. Mtu mwenye dakika kumi angeweza kuzisoma zote na kuliona umbo la filamu nzima, na nasisitiza kwamba hilo si jambo dogo: kuhamisha kadi kutoka mahali pamoja kwenda pengine huchukua sekunde, ilhali kuhamisha onyesho lililokwisha kuandikwa humlazimu mwandishi aandike upya maonyesho yote yanayopakana nalo, na mara nyingi hata yale yanayopakana na hayo.

Tatizo lilijitokeza nilipoanza kuzisoma kadi moja moja, polepole. Kadi ya 31 ilisema hivi: “Anatambua uzito wa alichokifanya na kuamua kunyamaza.” Nilimwuliza mwenye kadi kamera inaona nini hapo. Alijibu kwamba mkalimani amekaa kitandani, anafikiri. Nikamwuliza tena kamera inaona nini. Alinyamaza kwa muda, akaigeuza kadi kana kwamba jibu limeandikwa mgongoni mwake, akasema kwamba hilo angelitatua wakati wa kuandika. Nilizipitia kadi zote na kukuta 17 zilizosimama juu ya vitenzi vya aina hiyo: anatambua, anakumbuka, anajuta, anaelewa, anaanza kuhisi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mambo ya moyoni, na muhtasari huandikwa kwa nathari, ambayo inaweza kuingia kichwani mwa mtu bila kubisha hodi. Filamu haina mlango huo. Kadi inayosema “anatambua” inamtuliza mwandishi kwa kumwonyesha kwamba nafasi imejazwa, wakati nafasi ile iko tupu kama ilivyokuwa, na sasa imefunikwa.

Kuna sababu nyingine iliyofanya kadi hizo ziwe laini namna ile, nayo inahusu kazi yetu kwa jumla. Mpango wa skripti una wasomaji wawili. Msomaji wa kwanza ni mwandishi mwenyewe, anayeuhitaji ili afanye kazi. Wa pili ni mwenye fedha, anayeuhitaji ili aidhinishe. Nchini Marekani, kwa mfano, mkataba wa jumla wa chama cha waandishi huitambua tritimenti (maelezo ya hadithi nzima kwa nathari), rasimu ya kwanza, uandishi upya na usafishaji wa mwisho kuwa hatua zinazolipwa kila moja peke yake, na hata pale ambapo hakuna mkataba wa namna hiyo, muhtasari ndio unaofungua mlango wa malipo yanayofuata. Mwandishi anayejua kwamba kadi zake zitawekwa mbele ya mtayarishaji huanza, bila kukusudia, kuandika sentensi zinazosomeka kana kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa. Mwenye kadi alikuwa amezibadilisha kadi zake mara 11 katika wiki sita, na kila toleo lilisomeka vizuri kuliko lililotangulia, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja wa mazungumzo uliokwisha kujaribiwa.

Kiini cha mpango wake kilikuwa kadi ya 38, ukurasa wa 84. Hapo ndipo mtazamaji anapojua kwa mara ya kwanza kwamba mkalimani alibadilisha neno, na papo hapo anajua sababu: kijana ni mtoto ambaye mkalimani alimzaa na kumwacha. Mwenye kadi alianza na kadi hiyo na kurudi nyuma, akijenga kila onyesho kwa ajili ya kuitayarisha. Kuanza na mwisho na kurudi nyuma ni njia ya heshima, na hadithi nyingi za upelelezi zisingewezekana bila hiyo. Hatari yake ni kwamba maonyesho yote yaliyotangulia yanaweza kupewa kazi moja tu, kuficha.

Kurasa 61 za mwenye daftari zilikuwa jambo jingine kabisa. Yeye hana mwisho anapoanza, na analisema hilo waziwazi. Kila asubuhi husoma alichoandika jana, kisha huandika kinachofuata kwa kumfuata mhusika anakoelekea. Katika ukurasa wa 9 alikuwa ameliandika onyesho la ushahidi. Bibi anasema maneno yake, na chini ya skrini yanapita maandishi ya tafsiri: “Nilimwona akiingia.” Karani wa mahakama ameweka vidole juu ya mashine, anasubiri. Mkalimani anafungua kinywa, anakifunga. Mezani kwa karani kuna bilauri ya maji. Mkalimani anaisogeza kando kama upana wa kiganja, ingawa haikuwa imemzuia chochote. Kisha anasema kwa sauti yake ya kila siku: “Shahidi anasema alimwona akipita.” Vidole vya karani vinaanza kugonga. Onyesho zima halizidi robo tatu za ukurasa, na hakuna neno linaloeleza sababu.

Halafu katika ukurasa wa 23, kwenye ujia wa mahakama, bibi anamshika mkalimani mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia kwa lugha yao: “Umenisemea vizuri, mwanangu.” Bibi haijui lugha ya mahakama. Anaamini kwamba ukweli wake umefika. Nilipousoma ukurasa huo niliweka karatasi chini na kukaa kimya kwa muda. Onyesho hilo halikuwapo katika kadi yoyote kati ya zile 48, na sidhani kama lingeweza kuzaliwa huko, kwa sababu lilitokana na mwandishi kuwa ndani ya chumba pamoja na watu wake, akauona mkono wa mmoja ukimtafuta mwingine.

Baada ya ukurasa wa 30, hata hivyo, rasimu hiyo ilikuwa inatembea bila kwenda mahali. Mkalimani anakaribia kukiri mara tatu, na mara tatu anakatizwa: kwa simu, kwa mtu anayebisha mlango, kwa mtoto anayeingia akilia. Wahusika wapya wanne walikuwa wameingia, na kwa kila mmoja wao ungeweza kuona kwamba aliitwa kwa sababu asubuhi ile mwandishi alihitaji kitu kitokee. Mwenye daftari alijitetea kwamba bado alikuwa anatafuta, na kutafuta ni haki ya rasimu ya kwanza. Nakubaliana naye kuhusu haki hiyo. Shida ni kwamba kurasa zake za kutafutia zilikuwa zimekwisha kupigwa msasa, mazungumzo yamepimwa na pumzi za wahusika zimewekwa mahali pake, na mtu aliyeung’arisha ukurasa hadi kiwango hicho hana moyo wa kuutupa. Kinachotafutwa kwa rasimu ya namna hiyo huwa kinalazimika kufanana na kile kilichokwisha kupendeza.

Kikao cha kwanza cha pamoja kilikuwa kigumu. “Ndugu yangu,” mwenye daftari alimwuliza mwenzake, “ukishakijua kila kitu utaandika nini?” Mwenye kadi alijibu kwamba angeandika filamu inayoweza kupigwa picha. Baadaye mwenye daftari aliitaja filamu ya Casablanca kuwa ushahidi wake, na kwa sehemu alikuwa sahihi: upigaji picha wake ulianza Mei 25, 1942, kabla skripti haijakamilika, ukaisha Agosti 3 mwaka huohuo huku kurasa zikiendelea kuandikwa, na skripti hiyo ikapata tuzo ya Oscar. Mfano huu hutajwa mara nyingi na wanaopinga mipango, nami huona kwamba unatajwa nusu. Chini ya skripti hiyo palikuwa na tamthilia nzima ya Murray Burnett na Joan Alison, ambayo wakati huo ilikuwa haijawahi kuchezwa jukwaani, na ndani yake tayari kulikuwa na baa, hati za kusafiria, mapenzi ya zamani, na mwenye baa anayemwacha mwanamke aondoke na mwingine. Ndugu Julius na Philip Epstein na Howard Koch, walioiandika skripti, walihangaika kweli, lakini walihangaika ndani ya nyumba ambayo nguzo zake zilikwisha kusimamishwa na watu wengine. Mwenye daftari wetu hakuwa na tamthilia ya mtu yeyote chini ya miguu yake.

Kwa siku mbili niliziweka kadi na kurasa sambamba mezani na kuzisoma kwa pamoja, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona. Kadi ya 5 ililieleza onyesho la ushahidi kwa maneno haya: “Bibi anatoa ushahidi. Mkalimani anatafsiri. Karani anaandika.” Ukurasa wa 9 ulikuwa na matukio hayohayo, kwa mpangilio uleule, pamoja na maandishi ya chini ya skrini. Kwa mpango wa mwenye kadi, maandishi hayo hayawezi kuwapo, kwa kuwa mtazamaji hatakiwi kujua hadi ukurasa wa 84. Ataisikia lugha asiyoielewa, naye atamwamini mkalimani kama mahakama inavyomwamini. Kwa rasimu ya mwenye daftari, mtazamaji anajua yote tangu dakika ya tisa na anakuwa mtu pekee, mbali na mkalimani mwenyewe, anayelibeba kosa hilo. Walikuwa wakiandika filamu mbili. Nilipomwuliza mwenye daftari kwa nini aliweka maandishi yale, alisema aliyaweka ili msomaji wa skripti aelewe bibi anasema nini, na hakuwaza zaidi ya hapo. Nilipomwuliza mwenye kadi kama aliyaona, alisema aliyaona na kuyachukulia kuwa jambo la kuamuliwa wakati wa uhariri wa picha.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa watu waliokaa mezani wakizungumza huku bomu likiwa chini ya meza. Likilipuka bila mtazamaji kujua, anapata sekunde 15 za mshtuko. Akijulishwa mapema kwamba bomu lipo na saa ya kulipuka, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanampa dakika 15 za taharuki. Katika kisa chetu hesabu ilikuwa wazi kuliko kawaida. Mpango wa mwenye kadi uliahidi mshtuko mmoja katika ukurasa wa 84. Rasimu ya mwenye daftari, kwa mistari miwili ya maandishi ya chini, ilikuwa imefungua dakika 75 ambazo ndani yake hata salamu ya hakimu kwa mkalimani inauma.

Simaanishi kwamba mshtuko haufai kamwe. Katika hadithi hii ulikuwa na gharama ya pekee, nayo ndiyo inayoeleza zile kadi 17. Ili tendo la mkalimani lifichike kwa dakika 75, uso wake lazima ufichike pia, maana angeonyesha hofu, au angemkwepa bibi, au angeshindwa kulala, mtazamaji angeuliza kwa nini. Mwenye kadi alilijua hilo bila kulitamka, kwa hiyo aliyaweka maumivu ya mhusika wake mahali ambapo mtazamaji asingeyaona, yaani katika vitenzi vya kadi. Vitenzi vile ambavyo nilikuwa nimeviona kuwa uzembe wa lugha vilikuwa dalili ya uamuzi mmoja uliofanywa mapema mno na bila kujadiliwa.

Kwa maoni yangu, basi, mabishano ya wiki sita kuhusu kupanga au kutopanga yalikuwa yanakwepa swali lililopaswa kuulizwa kwanza, la nani anajua nini na tangu lini, mtazamaji akiwa wa kwanza kuhesabiwa. Msomaji wa riwaya anaweza kurudisha ukurasa nyuma. Mtazamaji wa filamu amekaa ndani ya muda, na kila anachokijua dakika ya tisa kinabadilisha maana ya kila anachokiona baada yake, hata kama hakuna tukio lililohamishwa. Kwa sababu hiyo mpangilio wa ujuzi haurekebishiki kwa kugusa onyesho moja moja. Ukiugeuza, umeandika upya kila kitu kilicho mbele yake. Mpangilio wa matukio unavumilia zaidi kuchelewa kugunduliwa, na maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika yanavumilia kuliko vyote.

Hatua ya kwanza niliyoipendekeza ilikuwa kuweka kadi na madaftari kabatini na kuisimulia filamu kwa mdomo. Mwandishi wa filamu wa Marekani Paul Schrader ameeleza mara nyingi kwamba huwasimulia watu hadithi yake tena na tena kabla ya kuiandika, akiangalia ni wapi msikilizaji anampotea, nami nimeitumia njia hiyo kwa miaka mingi nikiongeza sharti moja: pale waandishi wanapokuwa wawili, mmoja asimulie kwa dakika 20 bila karatasi, na mwenzake akae kando asimwangalie msimulizi hata kidogo, amwangalie msikilizaji tu.

Msikilizaji wa mwenye kadi alifuata vizuri mwanzoni, lakini ilipofika kama dakika ya tisa aliuliza kwa upole, “Kwani huyu mkalimani anataka nini?” Aliuliza hivyohivyo, kwa maneno tofauti, mara mbili zaidi. Ilipofika siri ya mtoto aliyeachwa, aliegemea kiti na kusema, “Aa.” Mwenye kadi aliisikia “aa” hiyo kuliko mtu yeyote chumbani. Hakujitetea. Siku mbili baadaye aliiondoa kadi ya 38 mwenyewe, bila kuombwa, na nadhani hakuna tendo gumu zaidi lililofanywa na yeyote kati yetu katika kazi ile, maana alikuwa ameijenga filamu nzima kurudi nyuma kutoka hapo. Msikilizaji wa mwenye daftari alisogea mbele kwenye kiti wakati wa onyesho la ujia, akabaki hivyo kwa muda, kisha kwa kukatizwa kwa tatu akauliza, “Si alikuwa amekwisha kutaka kusema?” Mwenye daftari alicheka kidogo, akaandika kitu, na kuanzia siku hiyo hakuzitetea tena kurasa za 31 hadi 61.

Hatua ya pili ilikuwa karatasi moja yenye safu nne: mtazamaji, mkalimani, bibi, mahakama. Chini yake tuliorodhesha mambo yanayoweza kujulikana katika hadithi, na mbele ya kila jambo tukaandika ni ukurasa upi kila mmoja analijua. Mistari ilikuwa tisa tu, lakini kuijaza kulituchukua siku tatu. Mstari wa nne ulihusu ukweli kwamba maneno ya bibi yalibadilishwa. Mtazamaji, ukurasa wa 9. Mkalimani, ukurasa wa 9. Mahakama, hatukuwa na uhakika. Bibi? Tulitazamana. Katika kadi 48 na kurasa 61, hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba bibi mwenyewe angekuja kujua. Mara tu nafasi hiyo tupu ilipoonekana, ile mikono miwili ya ujiani ilidai malipo yake: mkono ulioshukuru ni lazima siku moja ujue uliushukuru mkono gani. Hicho ndicho kilichokuja kuwa kilele cha filamu, katika ukurasa wa 88. Jedwali ndilo lililouliza swali, lakini jedwali lisingekuwa na sababu ya kuliuliza kama onyesho la ujia halingekuwa limekwisha kuandikwa na mtu asiyejua anaelekea wapi. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani, kwa sababu kwa asili yangu mimi niko karibu zaidi na mwenye kadi.

Kuhusu sababu ya kosa, waandishi waliamua isiwe siri tena. Katika ukurasa wa 3 mkalimani anapokea barua inayoonyesha kwamba mtu mmoja alifungwa bila hatia, katika kesi ambayo yeye alitafsiri kila neno kwa uaminifu.

Baada ya hapo kadi zilirudi mezani, zikaandikwa upya kwa sharti kwamba kitenzi cha kila kadi kiwe kinaonekana au kinasikika. Kadi ya 31, iliyokuwa ikisema anatambua uzito na kuamua kunyamaza, ilikuwa sasa inasema: “Anamwandikia hakimu barua. Anaitafsiri kwa lugha ya bibi. Anaichana nakala ya hakimu.” Mwenye kadi aliiandika mwenyewe, na ilipokwisha kuandikwa aliisoma kwa sauti mara mbili. Kadi zilipungua kutoka 48 hadi 34. Kati ya hizo, sita ziliachwa bila matukio. Juu yake paliandikwa tu nani anaingia katika onyesho akijua nini na nani anatoka akijua nini, na hizo zilikuwa za mwenye daftari, aziandike kwa njia yake, kwa mkono, bila kuulizwa maswali hadi amalize.

Gharama zilikuwapo. Katika zile kurasa 61 zilibaki 23, na kati ya wahusika wapya wanne alibaki mmoja. Eneo la kurasa za 52 hadi 64 lilibaki zito hadi rasimu ya mwisho, na hapo lawama ni yangu. Wiki ya tisa ilikuwa imepita, nilikuwa nimeanza kuhesabu siku, na nikazijaza kurasa hizo kwa kadi kamili za mwenye kadi pale ambapo zilihitaji walau kadi mbili tupu. Maonyesho yake ni sahihi, yanafuatana kwa sababu na matokeo, na hakuna hata moja linaloshangaza. Tulijaribu kuyachangamsha kwa mazungumzo katika wiki ya 15, lakini uhai wa onyesho ni vigumu kuuongeza kutoka nje.

Skripti ilikabidhiwa katika wiki ya 16 ikiwa na kurasa 104. Onyesho la kilele lilikuwa moja ya zile kadi sita, na mwenye daftari aliliandika katika wiki ya 13, asubuhi moja. Bibi amesomewa kumbukumbu za kesi na mjukuu wake anayejua lugha zote mbili. Anafika mahakamani, anamkuta mkalimani katika ujia uleule, anasimama mbele yake na kusema kwa muda mrefu. Mwenye daftari alikuwa ameyaandika maneno yote ya bibi, na maandishi ya tafsiri chini yake. Mwenye kadi alilisoma onyesho hilo mara tatu, akaomba kalamu, akayakata maandishi ya chini kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho na kuyaacha maneno ya bibi kama yalivyo. Mtazamaji, ambaye kwa karibu dakika 80 amejua kila kitu, ghafla haelewi neno hata moja, na kama watu wote waliosimama ujiani anageuka kumtazama mkalimani, mtu pekee awezaye kumwambia bibi amesema nini. Mkalimani hatafsiri. Mwenye daftari aliutazama ukurasa uliokatwa kwa muda, kisha akaichukua ile kadi iliyokuwa tupu, akaandika juu yake mstari mmoja, na kuirudisha ukutani: “Maandishi ya chini yameondolewa.”